Askofu kwenye Majlisi Yetu

Mwalimu wa Kiingereza alitupa vikaratasi vilivyokunjwa, kila mmoja achukue mtu wake wa karne ya kumi na nane, aandike insha juu ya maisha yake. Rafiki yangu akapata mvumbuzi wa mashine. Mimi nikapata askofu wa Kianglikana. Darasa zima la wasichana likacheka, nami nikawabariki mmoja mmoja kwa rula.

Nyumbani bibi yangu, aliyezaliwa Unguja na ambaye mpaka leo hajalisamehe joto la Ibra, huku Omani, akaniuliza nasoma nini.

"Maisha ya askofu, bibi."

"Astaghfirullah! Ndo skuli za siku hizi?"

"Si wewe uliyesema Mkunazini mkisikia kengele ya kanisa lao?"

"Kusikia nimesikia. Sikuambiwa niandike insha."

Nilikusudia kumfanyia mzaha askofu huyo. Picha yake peke yake kichekesho: nywele za bandia kama kondoo wa soko la Sinaw, mikono ya joho imevimba kama mito. Lakini kila nikisoma kitabu cha maisha yake, mzaha unanikwama. Baba yake alikuwa muuza duka. Mtoto kasoma kwa kufadhiliwa, kawa kasisi wa kijiji, kisha mwalimu wa watoto wa bwana mkubwa, na bwana huyo ndiye aliyemfungulia mlango wa uaskofu. Wasta, kujuana na wakubwa, kama kwetu tu. Akapewa jimbo maskini la milimani. Wenzake wakipewa majimbo kama hayo, huomba wahamishwe penye neema. Yeye akapanda farasi, akaingia vijijini kwenye matope, akiwauliza makasisi mbele ya waumini kwa nini paa linavuja. Alipopewa jimbo tajiri, akalikataa. Nikampenda, wallahi, na manywele yake.

Jioni moja baba akarudi kutoka kazini, akatukuta sebuleni, kwenye majlisi. Kwetu anayeingia huulizwa khabari, naye hujibu hakuna khabari, hata kama kaunguliwa na nyumba. Khabari yenyewe husubiri tende na kahawa. Baba akajibu hakuna khabari. Bibi akammiminia. Aliyetosheka hutikisa kikombe, lakini baba hakutikisa. Bibi akamimina tena, na tena, na baba anakunywa tu, macho ukutani.

"Mwanangu," bibi akasema, "dele la kahawa limekwisha. Sema."

Kapandishwa cheo. Maskati. Tuhame sote kabla skuli hazijafunguliwa muhula ujao.

"Mie nishahama nchi mara moja, yatosha," bibi akasema. "Nyie nendeni."

Tumwache bibi peke yake? Mimi ndiye ninayelala chumbani kwake. Mdomo ukanitangulia.

"Baba, unajua askofu wangu naye alipandishwa cheo?"

"Askofu wako?"

"Akakataa! Alisema keshawajua watu wake kwa majina, hana umri wa kujifunza wengine."

"Nasara mwenye akili," bibi akaguna.

Baba akanikazia macho. "Maaskofu wa Uingereza si hukaa bungeni? Huyo hakwenda?"

Nikatafuta uongo, sikuupata. "Alikwenda. Msimu wa baridi yuko London. Ukija msimu wa joto, huyoo, juu ya farasi, karudi kwake."

"Njia ndefu?"

"Ndefu. Na matope."

"Yangu ya lami." Akamgeukia mama. "Mkibaki hapa na mama yangu, nami nirudi kila Alkhamisi mpaka Jumapili?"

"Na utapikiwa na nani?" mama akauliza.

"Muulize binti yako, askofu alipikiwa na nani."

"Alikuwa na mpishi," nikasema.

"Basi nitakula mikate."

Bibi akacheka mpaka akafuta machozi, ila akaendelea kuyafuta hata baada ya kicheko kwisha.

Nilipata nilichokitaka. Jumapili ya kwanza ya kazi yake mpya, baada ya sala ya Alfajiri, nikasimama mlangoni mpaka gari la baba likakata kona. Kisha nikarudi kumaliza insha. Kitabu kina sura nzima juu ya farasi wa askofu. Juu ya watoto wake mna mstari mmoja tu: walibaki na mama yao.