Mshenga Niliyemtuma Chuoni

Kwa watu wengine, mshenga huja kubisha hodi kwa baba wa binti. Mimi nilimtuma wa kwangu chuo kikuu, na nauli nikalipa mwenyewe. Wakwe wa namna hiyo sijawahi kuwaona: wanachukua binti, na mahari unatoa wewe.

Binti yangu alimaliza kidato cha sita akasema anataka kusomea filamu. Hapa Mkumbi tunalima kahawa, na mtoto akifaulu anasomea ualimu au uuguzi. Filamu tulizijua kwa kuzitazama. Kwamba kuna shahada yake, na ada yake, hilo lilikuwa geni masikioni mwangu.

"Baba, ni taaluma," akaniambia.

"Mama, hata kulala ni taaluma, ukimpata wa kukulipa."

Akanuna siku nzima. Hajui kununa nusu nusu, amerithi kwangu.

Akaomba kwa simu yake, na vyuo viwili vikamchagua. Kimoja kiko Dar es Salaam, kina jina kubwa na ada ya kumfanya mtu avue kofia kama yuko msibani. Kingine kiko njiani, katika mji mmoja wa baridi, na ada yake mkulima anaweza kuitazama usoni. Alitakiwa athibitishe kimoja kabla dirisha la udahili halijafungwa. Yeye alitaka cha Dar. Mimi nilitaka cha bei nafuu, lakini nimeshanunua viatu vya bei nafuu mnadani, najua vilivyonifanya.

Sasa, kwetu huwezi kumtoa mtoto kwenda kwa ukoo usioujua. Unatuma mtu akaangalie. Wanaamkiana asubuhi? Mgeni anapewa kiti? Nikasema chuo nacho ni nyumba ya watu. Atatumwa mtu.

Mtu mwenyewe alikuwa shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mtu wa Lituhi, anayesafirisha usipa, wale dagaa wa ziwa letu, mpaka Dar. Watu wa ziwani wanatutania sisi wa milimani kwamba tunaongea kama tunalipia kila neno. Ni kweli, ndiyo maana nilimtuma yeye anayeongea bure. Mke wangu akafunga vifurushi viwili vya usipa, kimoja kwa kila chuo.

"Hakuna anayekwenda kuposa mikono mitupu," akasema, na hakuwa anatania.

Binti akamfuata mjomba wake mpaka barabarani. "Mjomba, uliza kamera. Uliza studio. Uliza kompyuta za kuhariria."

"Nitauliza, mwanangu. Na maji je? Pasipo na maji hapana chuo."

Aliporudi tulikaa wote kumsikiliza, naye hakufungua mdomo mpaka amalize ugali. Mshenga ni mshenga.

"Kule kwa wakubwa," akaanza, "mlinzi aliniuliza, una miadi? Nikamwambia, miadi sina, ninao usipa. Akaniweka juani. Mwisho nikaingia. Jamani, majengo! Kuna chumba kizima kazi yake ni taa. Kamera kama mizinga. Lakini nimezunguka mpaka nimechoka, hakuna aliyeniuliza natoka wapi. Nikauliza vijana wakimaliza wanakwenda wapi. Wakasema wanabaki mjini, kazi ziko huko. Usipa nimerudi nao. Sikumwona wa kumpa."

Mke wangu akakipokea kifurushi, akakirudisha jikoni.

"Na kule kwenye baridi?" nikauliza.

"Kule nilipewa kiti. Mwalimu mmoja, mama wa makamo, aliupokea usipa kwa mikono miwili, akauliza unapikwaje. Nikamwelekeza, naye akaandika."

"Mjomba, kamera!" binti akapaza sauti.

"Zipo. Chache. Wanapokezana."

"Studio?"

"Hiyo hawana."

Binti akafumba macho. Shemeji akaendelea, wala hakujua alichokibeba. "Ila yule mama anasema, kwa kuwa hawana studio, mwanafunzi anakabidhiwa kamera wakati wa likizo, anarudi kwao kupiga filamu ya kwao."

"Kina maji?" nikauliza, maana ilibidi niulize kitu. Ndani yangu shauri lilishakatika. Ningeweza kumkumbatia mtu mzima yule na harufu yake yote ya samaki! Tangu matokeo yatoke nilikuwa siliwazi lingine, ila kwamba nachuma kahawa, naianika, naiuza, ili mwanangu apate nauli ya kunipotea. Na sasa chuo kimoja fukara, kwa ufukara wake, kinaahidi kunirudishia.

"Kwa hiyo umechagua, baba," binti akasema.

"Ada ndiyo iliyochagua."

"Ada tu?"

"Ada tu," nikasema, nikatoka nje kugeuza kahawa ambayo ilikuwa imeshageuzwa.

Alithibitisha huku machozi yanadondokea simu. Akaenda. Likizo ya kwanza hakuja, zamu ya kamera haikumfikia, akabaki hukohuko akisaidia wenzake. Nikajiambia, hongera, mzee, umelipa kidogo na mtoto amekwenda vilevile. Mke wangu akanichoma: "Mwambie mshenga wako akaudai ule usipa wetu."

Likizo iliyofuata akasema anafika Jumamosi. Jumamosi ikapita. Simu haipatikani. Jumapili nimetoka misa, nimekaa ndani na koti langu, nikasikia hodi.

Nikaijua sauti, ni ya binti yangu. Kwetu, binti anayepiga hodi nyumbani kwao ni yule aliyekwishakuwa wa watu. Nikafungua, nikakutana na jicho la kamera.

"Karibu," nikasema.

"Baba, umeitazama kamera! Shikamoo. Nilipitia Lituhi kwa mjomba, usipa ulikuwa unaanikwa, nisingeweza kuuacha bila kuupiga picha. Rudi ndani, tuanze upya."

Nikarudi. Akapiga hodi, nikafungua. Karibu hiyo, akasema, ni ya mwenyekiti wa kijiji. Tukarudia. Hiyo nayo ilikuwa ya mtu aliyekabwa. Mama yake jikoni alikuwa anacheka mpaka anapaliwa.

"Baba, usiigize. Ni mtoto wako tu, amerudi."

Nikafunga mlango tena, nikasimama nyuma yake nimeshika komeo. Hodi. Nikafungua.

"Mbona umechelewa?" nikasema. "Nilidhani huji tena."

Kamera ikashuka kidogo. Nikauona uso wake.

"Hiyo haikuwemo, baba."

"Najua," nikamwambia. "Pita ndani, chakula kinapoa."