Taa ya Kabati la Memsahib

Baridi ya Eldoret haina adabu. Msimu wa mvua inaingia hadi kabatini, na koti ulilolitundika Jumapili hii, Jumapili ijayo limeota ukungu. Ndiyo maana miaka ile ya hamsini wazungu walitaka taa ndani ya kabati la nguo, nayo iliwaka mchana kutwa, kazi yake kukausha.

Mimi nilikuwa msaidizi wa fundi wa stima, Mhindi mkali lakini mwenye haki. Tulipopata kazi katika nyumba moja njia ya Cheptiret, aliniambia, "Taa ya kabati chagua wewe. Mkaguzi ya stima kipitisha, mimi taandika barua, wewe tafanya kazi peke yako." Mwafrika mwenye barua ya namna hiyo sikuwa nimemwona mjini. Niliitaka kuliko mke.

Mpishi wa memsahib, yule mama wa Kizungu mwenye nyumba, alikuwa shemeji yangu, mume wa dada yangu. Nilifurahi kuwa na mtu wangu jikoni.

Sheria niliijua: globu ya kabatini isikae uchi, wala isikaribie nguo. Dukani nikaziacha holda za kuning'inia, zile zinazoacha globu wazi, nikachukua taa ya dari yenye kioo kizito kinachofunika globu yote. Nikaifunga juu ya mlango, kwa ndani, mbali na rafu ya blanketi. Mkaguzi angekuja Ijumaa.

Jumatano shemeji alinilalamikia. "Hii kioo yako inameza joto. Memsahib anataka nguo zikauke."

"Usiiguse. Hiyo kioo ndiyo sheria."

"Sawa, fundi," akasema akicheka, akanimiminia chai.

Ijumaa tulikuta kabati linanuka sufu iliyoungua. Kioo kilikuwa kimetolewa, na koti la memsahib limetundikwa kwenye taa yenyewe, bega limekuwa jeusi. Memsahib akauliza nani alitoa kioo.

"Ni fundi, memsahib," shemeji akajibu. "Alisema si lazima."

Kikulacho ki nguoni mwako. Changu kilivaa aproni nyeupe. Nilipiga kelele, nikaapa, lakini kelele zangu zilinifanya nionekane mwongo zaidi. Mkaguzi alikataa taa. Mhindi hakunitukana, alisema tu barua hakuna, nibebe ngazi.

Jumapili, baada ya kanisa, nilikwenda kwa dada yangu katika nyumba za watumishi. Nilimweleza yote huku akinimiminia chai. Hakushangaa.

"Wangemfukuza, sisi tungelala wapi?" akasema. "Wewe huna mtoto."

"Kwa hivyo alikuambia?"

"Koti lilipoungua Alhamisi alikuja mbio kuniuliza atasema nini. Ni mimi nilimwambia aliache palepale, aseme ni wewe."

Halafu akaniuliza kama sukari imetosha.