Nilivyoifuta Rangi ya Arap Sang

Mimi ndiye niliyekosa, na sina mtu wa kumsukumia lawama. Nilikatazwa kwa maneno mepesi kabisa, nikasikia, nikaitikia, halafu nikafanya nilichotaka. Jina langu sitaandika. Wale wa Londiani watakaonitambua, sawa.

Kazi yangu ni kupaka magari rangi katika gereji moja hapa. Wazazi wangu walitoka upande wa Nyeri wakaja huku kulima viazi. Mnajua miaka hii ya Hali ya Hatari ilivyo: mtu wa kabila langu akionekana barabarani, kwanza ni pasi, kile kibali cha kutembea, halafu maswali. Siku moja askari walinishika Chepseon, na pasi nilikuwa nimeisahau nyumbani. Aliyenitoa ni arap Sang, dereva wa pikapu ya shamba moja la majani chai. Alisimamisha gari, akashuka, akawaambia, "Huyu ni kijana wa kwangu. Nitamrudisha mimi mwenyewe." Na wakati huo tulikuwa tunajuana kwa salamu tu.

Tangu hapo nilikuwa mtu wa nyumba yake. Mkewe, Mama Chebet, alinilisha kama alivyowalisha watoto wake.

Arap Sang alikuwa na pikapu ndogo ya kuchezea, ile ya chuma cha kumimina, inayoenea kwenye kiganja. Aliinunua duka la Mhindi kule Kericho. Alisema ni ya watoto, lakini watoto hawakuruhusiwa kuigusa. Kila Jumapili baada ya kanisa alikaa nayo, akiigeuza ifanane na ile aliyoendesha. Aliipaka kijani boneti na milango. Pale ambapo gari kubwa lilikuwa na jina la kampuni, yeye aliandika SANG.

"Ile ni ya Mzungu," aliniambia. "Hii ni yangu."

Hakuimaliza. Mwaka juzi, wakati wa mvua, gari kubwa liliteleza likapinduka naye, tukamzika.

Mwaka mmoja tangu kifo chake ulipokaribia kutimia, Mama Chebet aliniletea kile kigari kimefungwa kwa leso. Watu wa kanisa wangekuja kumwombea marehemu, na alitaka wakione kimekamilika.

"Malizia nyuma tu," aliniambia. "Weka zile fito za kuzuia magunia, upake rangi. Huku mbele usiguse. Huku ni mkono wake."

Nikasema, "Ndiyo, mama."

Fito nilizichonga kwa siku mbili, zikatoka safi sana. Shida ikaanza hapo. Kila nikiangalia mbele, naona rangi nzito kama uji, nywele za brashi zimegandia ndani, herufi zimeenda ovyo. Nilijiambia watu watadhani ni kazi yangu. Nilijiambia pia kwamba mama mwenyewe atafurahi akiona imeng'aa. Uongo mtupu. Ni majivuno tu yalikuwa yananiwasha mikononi.

Nikaiweka pikapu ndani ya maji ya magadi makali. Rangi yote ikatoka, na chuma chenyewe kikaliwa vishimo vishimo. Nikaziba, nikapiga msasa, nikanyunyiza rangi kwa mashine. Ikapendeza kama imetoka dukani leo.

Ndipo akili ikanirudia. Hata mtoto angejua huo si mkono wa arap Sang.

Badala ya kwenda kusema, nikaanza kuiga. Hamjui taabu ya fundi kupaka vibaya kwa makusudi! Nilipaka mara tatu. Ya kwanza ilitoka nzuri mno. Ya pili ilionekana kama mzaha. Ya tatu, nikaitupia na nywele mbili za brashi, nikaandika SANG kwa mkono wa kushoto. Nikaona imekubali.

Siku ya maombi Mama Chebet aliinua kigari mbele ya watu wote. "Mnaona hii rangi?" alisema. "Aliipaka mwenyewe, kwa mkono wake." Kina mama wakaipokezana, wengine wakilia. Mimi nilikuwa pale mlangoni nimeshika kikombe.

Watu walipoondoka aliniita. Alikuwa ameweka kidole juu ya ile S. Mama Chebet hajui kusoma.

"Hii ilikuwa inaangalia huku," alisema. "Sasa inaangalia kule. Kwa nini?"

Arap Sang aliiandika kinyume. Mimi, mwenye kazi ya kuandika milango ya magari, sikuwa hata nimeona.

Nikamjibu, "Labda umesahau, mama."

Hilo ndilo jibu nililompa mjane, katika nyumba ya mtu aliyenitoa mikononi mwa askari. Hakukiondoa kidole kwenye ile S, nikashindwa. Nikasema yote.

"Ungekuja ukaniambia umeharibu, ningelia, yakaisha," alisema. "Sasa umenifanya niwaonyeshe watu mkono wako nikisema ni wake. Nitawarudia na kuwaambia nini?"

Akanirudishia kigari na akaenda kutoa vyombo.

Kiko kwangu mpaka leo. Rangi ya marehemu haipo tena popote. Nimeenda kumsalimia mara mbili. Anaitikia vizuri, anauliza habari za wazazi, mazungumzo yanakwisha. Mama yangu naye, tangu asikie, akimwona Mama Chebet sokoni anapitia upande mwingine kwa aibu niliyomletea.

Fundi mwenzangu, ukiletewa kitu na mwenyewe akakuonyesha mahali pa kuishia, ishia hapo hapo. Ubaya unaouona wewe, huenda ndio pekee mwenzako aliobakiwa nao. Na kama umeshaharibu, weka brashi chini, uende ukaseme leo, kabla hajawaita watu.