Neno la Leo na Kanga za Wifi

Nilipotengeneza ukurasa wangu kwenye mtandao, mtu wa kwanza kumfungulia alikuwa wifi yangu. Nilichukua simu yake nikauweka pale mbele kabisa, akigusa tu unafunguka. Juu niliandika habari za nchi, zile nilizozisikia redioni alfajiri, nikizifupisha kwa lugha yangu: mvua, mbolea, bei ya mafuta, waziri kasema nini. Chini, kwenye kiboksi cha rangi ya waridi, niliweka Neno la Leo. Neno nilitunga mwenyewe. Shule sikufika mbali, lakini maneno huwa yananijia, hasa nikiwa napiga deki.

Tuliishi Chapwa, hapa Tunduma, na kaka yangu dereva wa lori, ambaye alipita nyumbani kama mgeni kati ya safari ya Kongo na ya Dar. Wifi ni mtu wa Tanga. Ana duka la vitenge na kanga, na mimi nililetwa kutoka Ikinga, kule Ileje, nimsaidie kuuza. Niliota siku moja nchi nzima itafungua ukurasa wangu kabla ya kunywa chai. Kwa wakati ule wasomaji walikuwa wifi, kaka akipata mtandao njiani, na binamu zangu wachache walioandika "amina" hata chini ya habari ya bei ya mafuta.

Neno lililoanzisha mambo lilikuwa hili: "Anayeamka mapema hulikuta jua likiwa bado jipya." Nililipenda sana. Asubuhi ile wifi alichelewa kuamka, kichwa kilimuuma. Alitoka chumbani na simu mkononi, akaniangalia, akasema chai haina sukari. Sukari ilikuwamo.

Kesho yake nikaandika kwamba tabasamu halitozwi ushuru mpakani. Kumbe mzigo wake wa vitenge ulikuwa umekwama upande wa pili, na siku mbili hizo alikuwa hacheki na mtu. Habari ya mzigo niliijua, ila sikuiunganisha. Kwetu Ikinga maneno ya namna hiyo yanaandikwa kwenye ukuta wa shule, na hakuna mtoto anayeuliza ukuta unamsema nani.

 Wifi alibadilisha kanga tu.

Aliyenifumbua macho ni fundi cherehani anayeshonea barazani kwetu, kijana wa Mbozi, mtu wa utani. Wifi alikuwa ametoka kununua vocha. Fundi akasimamisha mguu kwenye cherehani, akaniuliza kama huwa nasoma majina ya kanga, yale maandishi ya kwenye pindo. Nikasema nayasoma mteja akiuliza.

"Basi dada, unapigwa vijembe tangu Jumatatu, na wewe unachekelea tu."

Nikacheka. Halafu nikaacha kucheka.

Wifi aliporudi nilimtazama kiunoni. Kanga ya siku ile ilimhusu mgeni anayemfundisha mwenye nyumba kazi. Ya kesho yake ilimhusu mtu wa meno meupe na moyo wa rangi nyingine. Na alivyokaa! Alijigeuza kwenye kigoda mpaka pindo likanielekea. Hata kanga za kuuza, zile alizozitundika karibu na kiti changu, nikaanza kuziona kama mashahidi wamepangwa mstari.

Tangu hapo sikuwa na raha. Mlango ukijifunga kwa upepo, najiuliza nani kaufunga. Wakija wateja wa Kizambia, wifi alipiga nao Kibemba haraka haraka, anakijua kuliko mimi, na wakicheka wote najua ni mimi ninayechekwa. Mmoja aliniaga kwa upole, akanigusa bega. Nikashuku hata lile bega. Nikawa napima kila neno kabla ya kuliweka kwenye kiboksi, na kadiri nilivyopima ndivyo lilivyozidi kuonekana linamsema. Nikiandika juu ya subira, yeye hana subira. Nikiandika juu ya usafi wa moyo, sabuni imeisha ndani. Nifanyeje?

Jumamosi nikakuta mfuko mlangoni: mchele, sukari, mche wa sabuni, na kitenge kipya cha mama yangu juu yake. Wifi akasema, bila kuniangalia, kwamba mama lazima amenikumbuka, na gari za Ileje zinaondoka Jumatatu. Nikapumzike kidogo. Kidogo kiasi gani hakusema. Mimi najua msichana akirudishwa kijijini na mfuko mzuri, mfuko ndio kwaheri yake. Nikaona duka limekwenda, na mji, na ukurasa wangu pia, maana kwetu mtandao unaupandia kilimani.

Nikaamua kuondoa Neno la Leo. Jumapili nikaweka habari peke yake: mamlaka imetahadharisha mvua kubwa nyanda za juu kusini. Chini, kiboksi cha waridi kikabaki kitupu, kwa sababu sikujua namna ya kukifuta. Nikajisemea, hapo sasa hana cha kunishikia.

Nilimkuta jikoni ameishika simu, macho mekundu.

"Wifi," akasema, "leo umeniachia nafasi tupu. Hata neno la kunisema huna tena?"

Nikakaa chini palepale kwenye gunia la mkaa. Nikamwambia sikuwahi kumwandikia yeye.

"Ulikuwa unamwandikia nani, sasa? Kwetu mtu akitundika neno, yupo aliyetundikiwa."

"Najiandikia mimi, wifi. Mimi ndiye nisiyependa kuamka. Ile ya jua nilijiambia mwenyewe, nikiwa bado kitandani."

Alinitazama muda mrefu, kama anavyotazama noti aliyopewa na mteja asiyemjua. Machozi yakanitoka, nami nalia upesi sana, nikaona bora na mimi niulize.

"Na kanga zako?"

"Zile zilikuwa zako," akasema. "Zote." Akajaribu kujizuia, akashindwa, akacheka mpaka akashika ukuta. "Na ile ya Alhamisi niliazima kwa jirani. Zangu zilikuwa zimeisha."

Mfuko uliondoka Jumatatu bila mimi. Tulimpa dereva wa gari la Ileje, na wifi akaongeza majani ya chai.

Asubuhi ile alitoka chumbani amejifunga kitenge, kile cha upande wa Zambia, kisicho na maandishi hata kidogo. Kina ndege wawili wa bluu. Nilikiangalia nikiwa nafagia, nikakiangalia dukani, mpaka akaniuliza natafuta nini. Nikamwambia natafuta kama wale ndege wametazamana au wamepeana mgongo. Akasema nimeshakuwa mtu wa Tanga.

Neno la Leo limerudi kwenye kiboksi chake. Kabla sijaliweka namsomea, yeye akichuja chai. Anaweka chujio chini, kisha anauliza, "Hili la nani?"

"La kwangu, wifi."

"Hebu soma tena."