Nafuna na Vitwitwi wa Nairobi Dam

Mikono ya Nafuna ilikuwa imepasuka na sabuni, na ulimi wake haukuwa mbali na moto. Alifulia watu nguo pale Nairobi Dam, chini ya Kibera, mwaka wa nne sasa. Lakini asubuhi hiyo ya Novemba 1978 alikuwa anataka kitu. Mwalimu Gichuru wa kilabu ya ndege alikuwa anatafuta mtu wa kuhesabu vitwitwi, wale ndege wa matopeni wanaotoka Ulaya, kila asubuhi mpaka Aprili, kwa mshahara. Akiipata hiyo kazi, ataachana na shuka za watu.

Shida ilikuwa Waithaka, mtoto wa mwenye ploti huko Kabiro, naye aliitaka kazi hiyo hiyo. Alikuja na kitabu cha picha za rangi, viatu vinang'aa.

"Dada, wewe fua," akamwambia. "Hii ni kazi ya kusoma."

"Soma basi. Ndege watakungoja."

Mwalimu, aliyekuja kuwajaribu wote wawili, akaonyesha vitwitwi wawili kwenye matope. Wote kahawia, wote matako meupe, kama mapacha.

"Hao ni aina moja ama mbili?"

Waithaka akapekua kurasa mpaka jasho likamtoka. "Hapa kwa kitabu wako na madoadoa safi, Mwalimu. Hawa hawana. Ni aina moja, huyo mwingine amejipaka matope tu."

"Kitabu kimewapiga picha na nguo za arusi," Nafuna akasema. "Saa hii kwao ni baridi, huku wanakuja na za kushindia. Madoadoa wanavaa Aprili wakienda."

"Wewe umejulia wapi?"

Nafuna aliinua shuka, akaipiga juu ya jiwe, paa. Ndege wakaruka. Mmoja akapanda juu kabisa akipiga kelele, chini ya bawa mweusi ti. Wa pili chini ya bawa alikuwa mweupe-mweupe, miguu ya manjano imepita mkia.

"Huyo mweusi namwita Makaa. Hukaa peke yake. Mwenye miguu ni Soksi, huyo anapenda kundi."

Mwalimu alishusha darubini polepole. "Aina mbili, kweli. Unajua kuandika?"

"Nilifika darasa la tatu. Namba najua, lakini majina nitaandika yangu."

"Andika yako. Mimi nitayageuza yawe ya kitabu."

Akampa daftari na penseli. Waithaka akasogea achungulie.

"Rudi nyuma na hivyo viatu," Nafuna akamwambia, macho kwa matope. "Unanifukuzia ndege, na niko kazini."