Nyasi Bandia Kule Masakta

Mimi ni fundi wa nyasi bandia, Katesh, chini ya mlima. Cheka tu, nimezoea. Watu huniuliza, mlima wote ule una nyasi za Mungu, nani ananunua za plastiki? Wananunua. Hasa watoto waliosoma wakapangiwa kazi mbali, wanawajengea wazazi nyumba za bati la rangi halafu hawajui wafanye nini na uwanja.

Ndivyo nilivyofika Masakta. Mwalimu mmoja anayeishi Mbulu mjini na mkewe na watoto alikuwa amemjengea mama yake nyumba, na fundi mwingine akatandika nyasi bandia mbele ya mlango ili mama asikanyage matope. Mvua iliponyesha, maji yakatuama juu ya zulia hilo la nyasi, yakaanza kunuka, na siku moja mama akateleza akaumia nyonga. Mwalimu akanipigia simu, sauti imemkauka. "Fundi, pasipokauka kabla ya masika, itabidi nimhamishie kwangu. Na mama ameapa hatoki pale."

Kijiji kizima kilikuwa kimesikia kiapo hicho. Nilipomwamkia tu shikamoo, bibi akaitika marahaba na kukirudia palepale: "Mimi sihami, mwanangu, umesikia? Hapa ndipo nilipoolewa." Nikamwambia asiwe na wasiwasi, hakuna atakayemhamisha. Nilimhurumia kweli. Nikajiambia, leo hapa sitengenezi zulia, ninambakiza mtu kwake.

Nilipolikunja zulia nikakuta chini pagumu ajabu. Kumbe ulikuwa uwanja wake wa kupigia maharage na ngano. Bibi alikuwa ameusiliba kwa samadi ya ng'ombe kila mavuno tangu alipokuwa bibi harusi, mpaka ukawa mgumu kama simenti. Yule fundi wa kwanza akatandika juu yake hivyohivyo, bila hata koleo moja la kokoto. Sasa maji yangepita wapi, jamani? Kuuvunja wote sikuthubutu. Nikachukua mtaimbo, nikatoboa matundu upande wa mteremko, nikayajaza kokoto, nikamwaga ndoo ya maji. Yakazama yote. Zulia nikaliacha limekunjwa lipigwe na jua, nikarudi Katesh napiga mluzi.

Kesho yake namwaga ndoo nyingine, maji yametulia tuli. Ebo! Natafuta matundu yangu, siyaoni. Sakafu imelala laini, rangi ileile, na harufu ya samadi ilikuwepo tangu mwanzo. Nikadhani nimekosea upande, nikazunguka nyumba nzima. Nikadhani udongo umevimba. Bibi alikuwa kwenye kigoda mlangoni, mguu kaunyoosha, ananitazama.

"Panakataa, mwanangu?"

"Panakataa, bibi."

"Haya, pole."

Nikatoboa upya, safari hii kwa hasira, mpaka viganja vikatoka malengelenge. Asubuhi iliyofuata, yaleyale! Kichwa kikaanza kuniuma. Mimi na akili zangu timamu nikasimama katikati ya uwanja nikijiuliza kama jana nilifanya kazi au niliota. Nikampigia mke wangu nikamwambia nadhani nimerogwa. Akaniuliza kama nimekula.

Nilitoboa tena, nikaondoka. Siku iliyofuata nikapata lifti ya lori la maharage, nikafika mapema, hata moshi haujatoka jikoni. Nikamkuta bibi chini. Ameegemea ubavu mmoja kwa sababu ya ile nyonga, ndoo ya samadi iko pembeni, anachokoa kokoto zangu kwa vidole. Akitoa anaziba, anapaka kwa kiganja, anamalizia na majivu. Kazi safi kabisa.

Hasira zikanipanda. Nikamfokea bibi wa watu bila hata shikamoo. "Bibi wewe! Mimi nahangaika ubaki kwako, wewe unaziba? Unataka wakuhamishe?"

Akaendelea kupaka. Nikabaki nimeduwaa na mtaimbo mkononi. Kile kiapo, yale maumivu ya nyonga, baridi yote ile ya asubuhi, nikajaribu kuviunganisha vikakataa. Nilitamani kumwinua, nikatamani kuondoka zangu, nikashindwa vyote.

"Kwetu mama haendi kwa mkwe akasema nipokeeni," akasema, macho yakiwa kwenye samadi. "Wao ndio huja kumchukua. Na hawa, mtoto wangu na mkewe, hawajawahi kuniuliza kama nataka kwenda. Wananiuliza kama bati linavuja." Akapangusa kiganja ukingoni mwa ndoo. "Siku nzima naongea na kuku, mwanangu. Kile kiapo niliapa kwa sababu hakuna aliyenikaribisha."

Nilijisikia vibaya mno. Nilikuwa nimetoboa siku zote hizo, na kila tundu lilikuwa linambakiza palepale.

Simu yangu ikaita. Alikuwa mwalimu. Bibi akasimamisha mkono, akaniangalia kwa mara ya kwanza asubuhi ile, na nikaona anaogopa.

"Vipi fundi, pamekauka?"

"Hapana, mwalimu," nikasema. "Hapa hapakauki. Njoo umchukue mama."

"Na akigoma?"

"Njoo tu na gari. Na mkeo aje, amkaribishe yeye mwenyewe."