Mabawa Niliyoyanyoosha

Mwanangu, nakumbuka siku niliyojiona fundi kuliko mafundi wote, na hadi leo nikiikumbuka naona haya.

Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea ukingoni. Nilikuwa kijana seremala pale Kona ya Musa, nikitengeneza milango ya hoteli za Diani. Mlango wangu ukifungwa, huoni pa kupitisha wembe. Sifa zilinivimbisha kichwa, sikufichi.

Kwetu Mkongani ukame ulikuwa umetushika. Kisima kirefu tulikuwa nacho, na pampu, ila umeme hatukuwa nao. Mama yangu na wenziwe walikuwa wakienda mtoni alfajiri na kurudi jua la utosini. Kijiji kikaamua kusimamisha kinu cha upepo kiiendeshe ile pampu. Mzee Rashidi wa Gazi, mchongaji, akachonga mabawa matatu ya mbao kwa mwezi mzima, akaniletea niyapake vanishi. Vanishi tu, mwanangu!

Alipoondoka nikayatazama, nikashangaa. Kila bawa lilikuwa limejipinda toka shinani hadi nchani, ukingo mmoja mnene, wa pili mwembamba kama kisu. Nikasema moyoni, macho ya mzee yamekwisha, na mbao zimepindwa na jua. Kwetu maseremala ubao uliopinda ni aibu, nami nikataka kumsitiri. Nikachukua randa nikayanyoosha yote yakawa bapa, na ule ukingo mwembamba nikaukata. Kumwuliza sikumwuliza.

Siku ya kukisimamisha upepo ulivuma hasa. Kina mama walipanga ndoo bombani, mama yangu mbele, akimwambia kila mtu kuwa mwanawe ana mkono wake pale. Kinu kikazunguka kwa uvivu, kikinguruma hadi nguzo ikatetemeka. Yakatoka matone, yakakoma.

Mzee Rashidi, aliyefika mabawa yakiwa yameshapandishwa juu, akaamuru kifungwe na bawa moja literemshwe. Akalipapasa toka shinani hadi nchani, akatugeukia.

"Nani kalipitisha randa?"

"Mimi, mzee. Lilikuwa limepinda."

"Subhanallah! Nililipinda mimi, kwa makusudi!" Wallahi sijaona uso wa mtu mzima ukibadilika vile. "Ncha hukimbia, shina hujikokota, kwa hiyo upepo haulipigi bawa sawasawa kote. Ndiyo maana kila mahali pana mpindo wake. Na ule ukingo mwembamba ni wa kuuachia upepo upite kwa utulivu. Umeukata, sasa upepo unavurugika nyuma ya bawa na nguvu inapotea. Kelele uliyoisikia, kijana, ndiyo maji ya mamako."

Mbele ya zile ndoo kavu, mama yangu akainamisha uso.

Mabawa mapya yalitaka mwezi mwingine, na mwezi huo wote mama alirudi mtoni. Siku ya kwanza nilijaribu kumpokea ndoo, akanizuia.

"Hii niachie. We nenda Gazi ukamshikie mzee ubao. Na safari hii, uulize."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Mwanangu, usilolijua ni usiku wa kiza. Ukikuta kazi ya mtu ina umbo usilolielewa, usikimbilie kuisahihisha; huenda huo upogo unaouona ndio ufundi wenyewe. Kuuliza si ujinga, na kosa la fundi huenda likabebwa kichwani na mwingine. Mola akujaalie mkono mwepesi wa kazi, na ulimi usioona haya kuuliza. Amina.